Jina Tunalo

Mwaka 2007 nilikuwa mhariri msaidizi wa zamu ya jioni kwenye gazeti moja la kila siku la Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kufupisha habari za wenzangu na kuandika maelezo ya picha. Jioni moja ya Septemba mpiga picha wetu alirudi kutoka polisi na picha sita. Waliozoea kazi hii wanazijua picha hizo hata kabla ya kuziona: meza mbele, vidhibiti vimepangwa juu yake, kamanda amesimama na karatasi mkononi, na nyuma ya meza watu wamechuchumaa sakafuni. Siku hiyo vidhibiti vilikuwa marobota ya nyaya za shaba. Waliochuchumaa walikuwa wanne. Wa pili kutoka kushoto alikuwa kijana aliyevaa ovaroli la bluu lenye vitundu vidogo vidogo kifuani. Nilipoikuza picha niliona ni vitundu vya cheche. Kabla sijasoma karatasi ya polisi nilishajua huyu ni mchomeleaji.

Niliandika majina yake matatu, umri wake wa miaka 23, kazi yake na mtaa wake wa Mbagala. Mbele ya jina nikaweka neno “anayetuhumiwa”, kama tulivyofundishwa chuoni, nikaona nimemtendea haki. Picha ikakaa ukurasa wa tatu, safu nne.

Wiki hiyohiyo, Jumamosi ya Septemba 15, Dk. Willibrod Slaa, wakati huo Katibu Mkuu wa CHADEMA, chama cha upinzani, na mbunge wa Karatu, alisimama kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, akasoma majina ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi. Wapo waliokuwa serikalini, wapo waliokuwa wametoka. Mwandishi wetu alirudi ofisini mbio, majina yote 11 yako kwenye daftari. Nakumbuka ukimya ulioingia chumba cha habari. Mhariri alifunga mlango akampigia wakili wa kampuni, kisha akampigia mwenye kampuni, kisha wakili tena. Gazeti la kesho yake likatoka na neno “vigogo”. Ndani ya habari, kila mahali palipostahili jina tuliweka cheo kilichofifishwa, na baada ya cheo tukaweka mabano ambayo kila msomaji wa magazeti ya Tanzania anayajua: (jina tunalo).

Hapo sikuona tatizo. Nilikuwa kijana, kazi yenyewe ilinifurahisha, na mabano yale yalinipa hata fahari kidogo, kwamba sisi tunajua.

Machi 2008 yule kijana alikuja ofisini. Mlinzi alinipigia simu kwamba kuna mtu mapokezi anamtafuta “yule aliyeandika picha”. Nikashuka.

“Kaka, habari za kazi.”

“Nzuri, karibu.”

Alikuwa na mfuko wa nailoni. Akatoa kipande cha gazeti letu kilichokunjwa mara nne, mikunjo yake imeanza kukatika, akakilaza juu ya kaunta na kukinyoosha kwa kiganja. Pembeni yake akaweka nakala ya hukumu yenye mhuri wa mahakama. Alikuwa ameachiwa huru. Karakana aliyokuwa akifanya kazi ilinunua vyuma chakavu kwa mtu, na nyaya zilikutwa humo. Yeye alikuwa kibarua tu aliyekuwapo siku polisi walipofika.

“Naomba na hii muitoe,” alisema. “Picha tumieni ileile.”

Nilipanda nayo juu. Mhariri wa habari aliisoma hukumu yote, sitamsingizia, kisha akanirudishia. “Mdogo wangu, kuachiwa siyo habari.” Na kweli siku zile kurasa zilikuwa zimejaa. Mwezi mmoja nyuma Waziri Mkuu Edward Lowassa alikuwa amejiuzulu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, na majina makubwa sasa yalichapwa kwa herufi nene, kwa sababu yalitajwa bungeni, na linalosemwa bungeni gazeti hulinukuu bila hofu ya kesi. Nilishuka nikamwambia kijana tutaangalia. Aliniachia nakala ya hukumu. Sikuandika kitu.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu watu wakizungumzia tofauti za uandishi wa habari kati ya nchi na nchi, huanza na uhuru: nchi hii ina uhuru, ile haina, na kuna jedwali la kila mwaka linalozipanga. Jedwali hilo lina kazi yake. Mimi nilizielewa tofauti hizi nilipoanza kuuliza swali dogo zaidi: katika nchi hii, gazeti linamtaja nani kwa jina, na linamficha nani?

Swali hilo lilinijia Bonn. Mwaka 2011 nilipata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu Ujerumani, tukiwa waandishi kutoka nchi mbalimbali. Jumatatu ya Mei 16 tuliingia darasani tukakuta picha moja imeonyeshwa ukutani. Dominique Strauss-Kahn, mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, mtu aliyetazamiwa kugombea urais wa Ufaransa, akitolewa kituo cha polisi New York mikono nyuma, ndevu hazijanyolewa, koti limemkaa vibaya. Mhudumu wa hoteli, mhamiaji kutoka Guinea, alikuwa amemtuhumu kwa shambulio la ngono.

Mwenzetu Mfaransa alishindwa kukaa kitini. Kwao, alisema, sheria ya Juni 15, 2000 inakataza kuchapisha picha ya mtu aliyefungwa pingu kabla hajahukumiwa. Kwake ile ilikuwa hukumu iliyotolewa na kamera. Mmarekani aliyekuwa akitufundisha wiki ile alimjibu kwa utulivu kwamba New York kila mtu hupitishwa pale, mwizi wa barabarani na tajiri, na polisi wakimficha mkubwa mmoja basi wananchi wana haki ya kuuliza kwa nini. Nilimwelewa Mmarekani haraka sana. Hata hivyo nilikumbuka ovaroli la bluu.

Siku hazikupita nyingi mambo yakageuka. Vyombo vya habari vya Ufaransa vikaanza kumtaja kwa jina yule mhudumu. Sasa Mmarekani ndiye aliyepigwa na butwaa, kwa kuwa kwao ni desturi ya miaka mingi kutomtaja anayesema amebakwa mpaka mwenyewe aamue kujitokeza. Basi mkasa mmoja, watu wawili. Marekani ilimwanika mwanamume na kumsitiri mwanamke, Ufaransa ikatetea heshima ya mwanamume na kumtaja mwanamke. Kila upande uliamini kwa moyo wote kwamba unafuata maadili ya kazi. Agosti mwaka huo waendesha mashtaka wa New York waliiondoa kesi ya jinai, lakini majina yote mawili yalishasambaa dunia nzima.

Mfaransa yule alikuwa mkweli. Usiku mmoja tulipotoka kula alinisimulia habari ya François Mitterrand, aliyekuwa rais kuanzia 1981 hadi 1995. Alikuwa na binti nje ya ndoa, aliyezaliwa 1974, na waandishi wengi wa Paris walijua kwa miaka mingi. Hakuna aliyeandika, mpaka Paris Match ilipochapisha picha Novemba 1994. Nilimweleza kuhusu mabano yetu. Aliyapenda, akanitaka nimwandikie kwenye karatasi: jina tunalo. Lakini mimi sikutaka tufananishwe hivyohivyo. Mtoto wa Mitterrand hakuwa amekula fedha ya mtu, na kumwacha akue bila kamera mlangoni nakuona ni jambo la heshima. (Baadaye ilijulikana kwamba fedha za umma ndizo zilizolipia ulinzi na makazi yake, na hapo ndipo heshima ile inapoanza kunisumbua.) Sisi mabano yetu yalikuwa yakisitiri tuhuma za wizi wa mali ya nchi nzima.

Aliyenipindua kichwa kabisa alikuwa dada mmoja kutoka Uswidi. Waziri Mkuu wao, Olof Palme, alipigwa risasi barabarani Stockholm usiku wa Februari 28, 1986, akitoka sinema na mkewe. Hebu fikiria habari kubwa kuliko hiyo katika nchi ndogo. Wiki chache baadaye polisi walimkamata mtu. Magazeti ya Uswidi yakamwita “mwenye miaka 33”. Basi. Aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi, na kwa wasomaji wengi alibaki ni umri tu. Nilimuuliza dada yule mara mbili, maana nilidhani sijamsikia vizuri: hata kwa mauaji ya waziri mkuu? Hata hapo, akasema. Huwa tunasubiri.

Nilitegemea basi kusikia kwamba watu wa namna hiyo, wenye aibu na majina, wanawaogopa wakubwa wao. Akanisimulia habari ya Mona Sahlin. Mwaka 1995 alikuwa naibu waziri mkuu na ndiye aliyetazamiwa kurithi uwaziri mkuu. Gazeti la Expressen likachapisha kwamba alikuwa ametumia kadi ya malipo ya serikali kwa manunuzi yake binafsi, na katika manunuzi hayo kilichoshika vichwa vya watu ni chokoleti ya Toblerone. Jina, picha, risiti, kila kitu ukurasa wa mbele. Fedha alizirudisha, lakini alijiuzulu mwaka huohuo. Ilimchukua miaka kurejea. Mwaka 2007, mwaka ule wa Mwembeyanga, ndipo alipochaguliwa kuongoza chama chake.

Risiti zile zilipatikana vipi? Hapa ndipo penye kiini, na nilikaa naye mpaka nikaelewa. Uswidi ilipitisha sheria ya uhuru wa uchapishaji mwaka 1766, na ndani ya sheria hiyo kuna kanuni kwamba nyaraka za serikali ni za wananchi isipokuwa zile ambazo sheria imezitaja kuwa siri. Mtu yeyote anaingia ofisi ya umma anaomba kuona nyaraka, na ofisa haruhusiwi kumuuliza yeye ni nani wala anazitakia nini. Mtumishi anayempa mwandishi habari analindwa: mwandishi akimtaja chanzo wake bila ridhaa anatenda kosa la jinai, na serikali yenyewe hairuhusiwi kumsaka aliyevujisha. Kwa hiyo jina la waziri linapatikana bure, tena likiwa na karatasi yake, wakati jina la mtuhumiwa wa kawaida linalindwa na maadili ya vyombo vyenyewe.

Kwetu ilikuwa kinyume chake kabisa, na nilirudi chumbani kwangu nikayaandika hayo kwenye daftari nikapiga mstari. Jina la mchomeleaji wa Mbagala tulipewa bure, limeandikwa kwenye karatasi ya polisi, na chai juu. Jina la kigogo lilihitaji wakili.

Nisiwapambe Waswidi kupita kiasi. Dada huyo alikiri kwamba gazeti likinyamaza, watu huenda kulitafuta jina kwenye mtandao, na uvumi hauna mhariri. Wajerumani nao, waliotupokea, wana mzozo wa namna hiyo. Msingi wao ni hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Juni 1973 katika kesi ya Lebach: mtu aliyeshiriki kosa la mwaka 1969, ambamo wanajeshi wanne waliuawa, alikuwa karibu kutoka gerezani, na televisheni ikataka kurusha filamu yenye jina na sura yake. Mahakama ikaizuia, kwamba aliyemaliza adhabu ana haki ya kurudi kuishi kati ya watu. Mpaka leo magazeti mengi ya Ujerumani humwandika mtuhumiwa jina la kwanza na herufi moja tu ya ukoo. Lakini usiku wa mwaka mpya wa 2016, wanawake wengi waliposhambuliwa Köln, wananchi waliviuliza vyombo vyao kwa hasira kwa nini vilichelewa kusema, na kwa nini vinasita kutaja watuhumiwa wametoka wapi. Kuficha nako kuna bei yake.

Jambo moja dogo kuhusu Japani, kwa sababu linawahusu watumiaji wa Kiswahili kuliko linavyoonekana. Huko jina la mtu halitajwi bila neno la heshima nyuma yake, na zamani magazeti yalipoandika habari ya aliyekamatwa, heshima hiyo iliondolewa. Jina lilibaki uchi. Katika miaka ya 1980 vyombo vya habari vikaanza kuweka neno lenye maana ya “mtuhumiwa” mahali pale pa heshima. Nilipolisikia hili nilikumbuka magazeti ya zama za Ujamaa niliyoyakuta maktaba, ambamo karibu kila mtu alikuwa “Ndugu”, waziri ndugu na mkulima ndugu. Siku hizi yupo Mheshimiwa, yupo Dokta, yupo Kamanda, na yupo wa sakafuni ambaye ana majina matatu na hana kitu mbele yake.

Wapo wanaodhani hizi ni tabia za mataifa tu, kwamba Mswidi ni mpole na Mtanzania ni mwoga. Sikubaliani. Nimefanya kazi na waandishi wa Kitanzania wenye ujasiri ambao sijauona kwingine. Ninachokiona ni hesabu. Kila jina lina gharama yake siku gazeti linapokwenda mtamboni, na mhariri, hata akiwa mcha Mungu, anaijua gharama hiyo kichwani.

Kwa miaka 40 gharama ile kwetu iliandikwa katika Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Julai 2012 gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana baada ya habari zake kuhusu kutekwa na kuteswa kwa Dk. Stephen Ulimboka, aliyekuwa akiongoza mgomo wa madaktari, habari zilizomtaja kwa jina ofisa wa usalama. Kila mhariri mjini aliielewa salamu. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikachukua nafasi ya ile ya zamani na kuleta leseni, na majina mengine ya magazeti yakaendelea kufungiwa: Mawio, Raia Mwema, Tanzania Daima. Ongeza matangazo ya serikali na mashirika yake, ambayo yakikatika mishahara huyumba. Hesabu imekamilika.

Kipindi hicho ndipo mabano yetu yalipopata ndugu mbaya zaidi: “watu wasiojulikana”. Tundu Lissu, mbunge wa upinzani, alipopigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, waliompiga walikuwa watu wasiojulikana. Novemba 21 mwaka huohuo mwenzetu Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya Kibiti, alichukuliwa na watu wasiojulikana, na hajarudi. “Jina tunalo” ilikuwa na maana kwamba kuna mtu anajua. Ile nyingine ilitulazimisha kuandika kana kwamba hakuna anayejua.

Kenya hesabu yao ni nyingine. Mkenya tuliyekuwa naye Bonn alishangaa kusikia woga wetu kwa mawaziri, maana kwao mwanasiasa hutajwa asubuhi, mchana na saa moja usiku. Kikwazo chao kikubwa kilikuwa mahakama. Mwaka 2002 gazeti la The People liliamriwa kumlipa mwanasiasa Nicholas Biwott shilingi milioni 20 za Kenya kwa kumkashifu, na fedha ya namna hiyo inatosha kufunga gazeti bila waziri kunyanyua kalamu. Lakini kuna jina ambalo hata yeye hakulitaja: kabila. Wakati wa machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waandishi waliandika “watu wa jamii moja” wamechomewa nyumba na “watu wa jamii nyingine”. Kila msikilizaji alijaza mwenyewe, kwa kuangalia mahali na majina ya ukoo. Nilimuuliza kama haikuwa kudanganya watu. Alikaa kimya kidogo. “Kaka,” akasema, “sisi tulikuwa tunafikiria Rwanda.”

Hilo sikuhitaji kuelezwa. Kabla ya Dar es Salaam nilikuwa mwandishi wa kujitegemea Arusha, nalipwa kwa stori, na Desemba 3, 2003 nilikaa nyuma ya kioo kwenye chumba cha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, spika za masikioni zimenibana, wakati hukumu ya watu wa vyombo vya habari walioshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya 1994 ikisomwa. Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza walikuwa waasisi wa redio RTLM. Hassan Ngeze alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Ushahidi ulikuwa wa majina. RTLM ilisoma hewani majina ya watu, namba za magari yao, mahali walipojificha. Gazeti lilichapisha orodha. Mtu aliyetajwa mchana alikuwa anatafutwa jioni. Jaji Navanethem Pillay alimwambia Nahimana kwamba bila bunduki, bila panga, alisababisha vifo vya maelfu ya watu wasio na hatia. Mwanamume mmoja aliyekaa karibu nami, mgeni kwangu, alivua spika zake akaziweka mapajani, akaendelea kumtazama jaji bila kusikia kitu.

Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini lililothibitishwa lilitosha. Ukitaka kuelewa kwa nini redio na magazeti ya Rwanda leo hayamtambulishi mtu kwa Uhutu wala Ututsi, anzia pale. Na ukitaka kuona hatari ya upande wa pili, angalia jinsi sheria zilizotungwa kuzuia chuki zilivyokuja kutumika kumnyamazisha mwandishi anayeuliza maswali ya kawaida ya siasa. Burundi walijaribu njia nyingine iliyonigusa: Studio Ijambo, iliyoanzishwa 1995 Bujumbura vita vikiendelea, iliwatuma Mhutu na Mtutsi pamoja kwenye stori moja, ili kila mmoja aweze kuingia mahali ambapo mwenzake asingeaminiwa.

Nilirudi Dar es Salaam mwaka huohuo wa 2011 nikiwa na daftari lililojaa, nikapendekeza kwenye kikao cha wahariri mambo mawili: tusichapishe sura ya mtuhumiwa kabla hajafikishwa mahakamani, na tukimchapisha mtu ameshtakiwa, tufuatilie mpaka mwisho wa kesi na kuandika matokeo kwa ukubwa uleule. La pili lilikubaliwa, likafanyika miezi minne, mwandishi wa mahakama akahama, likafa. La kwanza lilikataliwa, na hoja iliyolikataa haikuwa ya kijinga. Mzee mmoja wa dawati la siasa alisema polisi wakijua hatupigi picha, siku moja watamkamata mtu na hakuna atakayejua yuko wapi. Picha ile ya sakafuni, alisema, imewahi kuwa ushahidi pekee kwamba mtu alikuwa hai mikononi mwa polisi. Nimeifikiria kauli hiyo kwa miaka mingi na bado sina jibu linaloniridhisha.

Mwaka 2023 gazeti letu la zamani liliamua kuziweka nakala zake za miaka iliyopita kwenye mtandao, ukurasa kwa ukurasa, ziweze kutafutwa kwa jina. Nikaombwa kusaidia kupitia miaka niliyokuwapo. Mei mwaka huo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa imeanza kutumika nchini, na Julai Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, iliamua kwamba gazeti la Le Soir la Ubelgiji lilistahili kuamriwa kufuta jina la dereva kwenye nakala ya mtandaoni ya habari ya ajali ya 1994. Wahariri wengi Ulaya waliipinga hukumu hiyo, kwamba kumbukumbu zikianza kukwaruzwa hazitakuwa kumbukumbu tena. Niliwasoma kwa makini. Mimi nilikuwa nautafuta ukurasa wa tatu wa Septemba 2007.

Ulikuwepo. Ovaroli, vitundu vya cheche, marobota ya nyaya, na maneno yangu chini. Nilikwenda Mbagala kumtafuta mwenyewe nimuulize anataka nini. Palipokuwa na karakana pana duka la vipuri vya pikipiki, na mama anayeuza vitafunwa ng’ambo ya barabara aliniambia alihamia Morogoro zamani, hana namba yake. Nakala ya hukumu ninayo. Imekaa kwenye kabati langu tangu siku aliponiachia, mhuri umefifia lakini unasomeka.

Fundi wa mitambo aliniuliza tufanye nini na ukurasa ule. Nilimwomba azibe sura na majina, na chini ya picha aweke nafasi ya mistari miwili. Nikaketi kwenye kompyuta yake nikaandika kwamba mtuhumiwa wa pili kutoka kushoto, fundi mchomeleaji wa Mbagala (jina tunalo), aliachiwa huru na mahakama Machi 2008.